Akili unde ikichukua kazi ndogo ndogo, mwanagenzi atajifunzia wapi?

Sentensi ilikuwa na maneno matano tu: "Meza vidonge viwili mara moja." Ilikaa ukurasa wa pili wa karatasi ya maelezo ya dawa, imezungukwa na sentensi nyingi zisizo na kasoro. Mashine ilikuwa imeshatafsiri karatasi nzima kabla sijamaliza kuvuta kiti. Mimi niliambiwa niipitie tu, "uangalie kama iko sawa". Kisarufi ilikuwa sawa kabisa. Lakini "mara moja" hapo ina maana ngapi? Mgonjwa mmoja atasoma: meza sasa hivi, usichelewe. Wa pili atasoma: meza, halafu usirudie. Wa tatu atavitia vyote viwili mdomoni kwa mkupuo. Nilirudi kwenye matini ya awali nikakuta inataka vimezwe pindi dalili zinapoanza. Nikaandika: "Dalili zikianza tu, meza vidonge viwili papo hapo." Nikaendelea.

Marekebisho yale yalinichukua dakika mbili. Kwa hesabu ya aliyenipa kazi, dakika hizo mbili na nyingine chache kama hizo ndizo kazi yangu yote, na malipo yalipangwa kwa hesabu hiyo. Hilo nitalirudia. Kinachonishughulisha zaidi ni swali jingine: nilijuaje kwamba nisimame pale? Hakuna kitabu kilichonionya kuhusu "mara moja". Nilijua kwa sababu nilipokuwa mwanagenzi nilitafsiri karatasi kama zile, nyingi, za kuchosha, na mhariri aliyenitangulia akawa ananirudishia zimejaa wino mwekundu. Siku hizi karatasi za namna ile hapewi mwanagenzi yeyote. Inapewa mashine.

Mazungumzo kuhusu akili unde na kazi yamekwama kwenye swali moja: je, itatunyang'anya ajira? (Wengine huiita akili mnemba, wengine akili bandia. Mimi napenda "unde" kwa sababu neno lenyewe linakumbusha kwamba kuna watu waliokaa wakaiunda, na wana maslahi yao.) Swali hilo limefungwa pamoja na mengine manne au matano, na ndiyo maana kila anayelijibu anasikika kama anapiga ramli. Tuyafungue moja moja.

Kazi ni mzigo wa kuni

Fundo la kwanza limo ndani ya neno "kazi" lenyewe. Tunalitumia kana kwamba ni gogo moja, kumbe ni mzigo wa kuni: vijiti vingi vilivyofungwa kwa kamba moja. Chukua mhasibu. Anapokea risiti, anaingiza tarakimu, analinganisha daftari na taarifa ya benki, anampigia simu mtu aliyesahau kuambatisha stakabadhi, anamweleza bosi kwa nini faida inayoonekana kwenye karatasi haionekani kwenye akaunti, kisha anatia saini. Mashine ikichomoa kijiti cha kuingiza tarakimu, je, imechukua kazi ya mhasibu? Inategemea kijiti hicho kilikuwa kinene kiasi gani, na kama mwenye kampuni ataona mzigo uliobaki bado unahitaji mtu mzima wa kuubeba.

Tofauti hii inaweza kugeuza jibu juu chini. Mwaka 2013 Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kufanywa na kompyuta. Tarakimu ile ilizunguka dunia nzima. Miaka mitatu baadaye, utafiti uliofanywa kwa ajili ya OECD, shirika la nchi tajiri, ulipima upya. Safari hii watafiti hawakutazama jina la kazi, walitazama shughuli ambazo wafanyakazi wenyewe walisema wanazifanya. Wakapata asilimia 9. Mashine zilikuwa zile zile na wafanyakazi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mzani.

Kwa hiyo ukisikia asilimia yoyote, uliza kwanza imepima gogo au vijiti. Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema Januari 2024 kwamba karibu asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa na akili unde, asilimia 60 katika nchi tajiri na asilimia 26 katika nchi zenye kipato cha chini. Neno lililotumika ni kuguswa. Kwa nchi tajiri, shirika hilo hilo lilieleza kwamba karibu nusu ya wanaoguswa huenda wakanufaika. Habari ilipofika kwenye vichwa vya magazeti, kuguswa kukawa kupotea.

Jambo moja ni jipya kweli. Mitambo ya zamani iliwaandama wenye kazi za mikono. Hii inawaandama walioketi mezani. Shirika la Kazi Duniani lilipochunguza mwaka 2023 lilikuta ukarani ndio kundi linaloweza kuguswa na akili unde kuliko yote, na kwa kuwa katika nchi nyingi makarani wengi ni wanawake, wao ndio wanaoguswa zaidi. Wakati huo fundi bomba amelala chali chini ya sinki, tochi mdomoni, anapapasa nati asiyoiona, anasikiliza kwa vidole kama imeshika au imekula nyuzi zake. Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, aliligundua hili tangu miaka ya 1980: mambo tunayoyaona ya akili nyingi, kama hesabu na sataranji, ni mepesi kwa kompyuta, na mambo anayoyafanya mtoto wa mwaka mmoja bila kufikiri ndiyo yanayoishinda.

Kosa lililovaa suti

Mashine hizi zinafanya nini hasa? Muundo uliozizaa, unaoitwa transfoma, ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Umma ukaonja matunda yake ChatGPT ilipotolewa tarehe 30 Novemba 2022. Mtambo wa lugha umelishwa maandishi mengi kupindukia na kufunzwa jambo moja: kukisia kipande cha neno kinachofuata. Baadaye watu huupima majibu yake na kuunyoosha. Kusema "kukisia" si kuudharau. Ili ukisie vizuri neno linalofuata katika hati ya mkataba, lazima uwe umeshika mengi kuhusu mikataba.

Lakini msingi huo una matokeo ambayo kila anayeutumia kazini anapaswa kuyaelewa kwa kina kuliko anavyoelewa vitufe vyake. Mwanagenzi asiyejua huonekana hajui: sentensi yake inayumba, mwandiko unasita, anakuja kuuliza. Kosa la mwanagenzi lina sura ya kosa. Kosa la mashine limevaa suti ile ile ya ukweli wake. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani rejea za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Kesi zile zilikuwa na majina, namba na nukuu za majaji. Zilikosa kitu kimoja tu, kutokea.

Watafiti wa Harvard na vyuo vingine waliwapima washauri 758 wa kampuni ya Boston Consulting Group mwaka huo huo. Katika shughuli ambazo mashine inaziweza, waliopewa mashine walimaliza kazi zaidi ya wenzao kwa asilimia 12, na kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 25. Kisha wakapewa shughuli moja iliyochaguliwa kwa makusudi nje ya uwezo wa mashine, ingawa kwa macho ilifanana na zile za kwanza. Hapo wenye mashine walipatia kidogo kuliko wasiokuwa nayo, tofauti ya pointi 19 za asilimia. Mpaka wa uwezo wa mashine haukunyooka kama ukuta. Una meno kama msumeno, na hakuna kibao kinachokuonya kwamba umeshavuka.

Ugumu unaongezeka kwa sababu hisia zetu wenyewe si shahidi mzuri. Mwaka 2025 METR, taasisi inayopima uwezo wa akili unde, iliwafuatilia waandishi 16 wa programu, wazoefu, katika shughuli 246 za miradi wanayoifahamu vizuri. Kabla ya kuanza walitarajia mashine itawapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza walisema imewapunguzia kwa asilimia 20. Saa ikasema imewaongezea asilimia 19. Ni watu 16 tu, na zana zimeboreshwa tangu hapo, kwa hiyo nisingejenga nyumba juu ya tarakimu hiyo. Hata hivyo kila nikiikumbuka najiuliza kuhusu alasiri zangu mwenyewe, zile ninazozimaliza nikiwa na uhakika kwamba nimekimbia.

Keshia na mfumi

Historia hutumika katika mjadala huu kama mawe ya kurushiana. Wenye matumaini hurusha habari ya keshia, wenye hofu wakarusha ya mfumi. Zote mbili ni za kweli, na zikiwekwa pamoja zinafundisha zaidi.

Mashine ya kutolea pesa ya Barclays ilizinduliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, na kila aliyeiona angeweza kutabiri mwisho wa makeshia. Mchumi James Bessen alipopiga hesabu za Marekani akakuta mambo hayakwenda hivyo. Kati ya 1988 na 2004, tawi la wastani la mjini lilishuka kutoka makeshia 20 hadi 13. Lakini kwa kuwa gharama ya kuendesha tawi ilipungua, benki zilifungua matawi mengi zaidi, ongezeko la asilimia 43 mijini. Jumla ya makeshia haikuanguka. Walihesabu noti chache kuliko awali, wakazungumza na wateja zaidi.

Hapo ndipo wengi huishia kusimulia. Kilichofuata ni kwamba simu za mkononi ziliingia na huduma za benki ndani yake, mteja akakosa sababu ya kwenda kwenye tawi, na idadi ya makeshia ikaanza kushuka kweli. Mashine iliyochukua kijiti cha keshia haikumwondoa. Kilichomwondoa ni kile kilichofuta safari ya kwenda kwake. Mtu anayetaka kujua hali yake basi asiulize tu kama mashine inaweza kufanya anachofanya. Aulize pia kama watu wataendelea kuja kwenye chumba ambamo kazi yake hufanyika.

Mfumi wa Uingereza alianza vizuri kuliko keshia, na hilo husahaulika. Mwishoni mwa karne ya 18 mitambo ya kusokota uzi ilifanya uzi uwe mwingi na wa bei ndogo, lakini kitambaa kilikuwa bado kinafumwa kwa mkono. Wafumi wakawa wanatafutwa, ujira ukapanda, wakatamba. Edmund Cartwright alikuwa ameshapata hataza ya kitanda cha mfumi kinachoendeshwa na mtambo tangu 1785, ila mashine zile zilichukua miongo kadhaa kukamilika. Zilipokamilika, kijiti pekee kilichokuwa kwenye mzigo wa mfumi kikachomolewa. Ujira ukaporomoka. Wengi walibaki kwenye vitanda vyao kwa kuwa hawakuwa na kwingine, wakafuma saa nyingi zaidi kwa pesa ndogo zaidi. Mafundi wa soksi wa Nottingham nao, kuanzia 1811, waliingia usiku na nyundo kuvunja mitambo ya waajiri wao. Bunge likajibu mwaka 1812 kwa sheria ya kuwanyonga wavunjaji. Tunawakumbuka kama watu waliochukia mashine, ingawa mashine nyingine walikuwa wakizitumia wenyewe maisha yao yote. Ugomvi wao ulikuwa juu ya nani anaziendesha, kwa ujira gani, na kwa kitambaa cha ubora gani.

Sisi watafsiri, kwa tathmini yangu, bado tuko katika miaka ya uzi rahisi, au tumeivuka majuzi. Sina furaha kuliandika.

Kisha kuna suala la kasi, ambalo husemwa kwa sentensi moja ("mambo yanabadilika haraka mno") wakati ni kasi mbili tofauti. Chombo huenea haraka. Mpangilio wa kazi huchelewa. Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme cha Mtaa wa Pearl, New York, mwaka 1882, lakini viwanda vya Marekani havikuvuna ongezeko kubwa la uzalishaji mpaka miaka ya 1920. Mwanahistoria wa uchumi Paul David alieleza sababu. Kiwanda cha mvuke kilijengwa kuzunguka mhimili mmoja mrefu uliozungushwa na injini moja, na mashine zote zikafungwa kwenye mhimili huo kwa mikanda. Umeme ulipokuja, wenye viwanda waling'oa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa mahali pake, na kila kitu kingine wakakiacha kama kilivyokuwa. Faida ilikuja kizazi kingine kilipojenga upya, kila mashine na mota yake ndogo, majengo ya ghorofa moja, kazi ikapangwa kwa kufuata safari ya bidhaa badala ya urefu wa mhimili.

Ofisi nyingi leo ziko kwenye hatua ya mota kubwa. Mfanyakazi anaiambia mashine igeuze hoja tatu kuwa barua pepe ya aya sita. Anayeipokea anaiambia mashine yake igeuze aya sita kuwa hoja tatu. Hakuna aliyeuliza kwa nini zisingetumwa hoja tatu. Uchovu ambao watu wanaulalamikia kazini kwa sehemu kubwa unatoka hapo: chombo kimekuja na kasi yake, lakini vikao, fomu, tarehe za mwisho na vipimo vya utendaji vimebaki vya mhimili wa zamani, isipokuwa sasa vinadai mara mbili.

Ngazi iliyong'olewa vipago vya chini

Sasa lile lililonifanya nikae kuandika.

Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond waliwachunguza wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 waliopewa msaidizi wa akili unde. Kwa wastani walitatua matatizo mengi zaidi kwa saa, ongezeko la kama asilimia 14. Ukiwagawa, picha inabadilika: wageni na wasio na ujuzi mkubwa walipanda kwa zaidi ya asilimia 30, wazoefu karibu hawakusogea. Sababu ni nzuri kuielewa. Mashine ile ilifunzwa kwa mazungumzo ya wahudumu bora. Ujuzi wa fundi ulichujwa, ukawekwa kwenye chupa, akapewa mgeni wa wiki ya pili. (Fundi hakulipwa kwa chupa hiyo.) Kwa matokeo haya ungetarajia wageni wawe na soko kuliko wakati wowote.

Agosti 2025 Brynjolfsson huyo huyo na wenzake wa Stanford walitoa uchambuzi wa rekodi za mishahara za Marekani. Vijana wa miaka 22 hadi 25 katika kazi zinazoguswa zaidi na akili unde, kama uandishi wa programu na huduma kwa wateja, ajira zao zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 13 zikilinganishwa na wengine. Wakubwa wao katika kazi zile zile hawakushuka. Wachumi bado wanabishana ni kiasi gani cha kushuka huko ni cha mashine, na kiasi gani ni cha riba kubwa au cha kampuni zilizoajiri kupita kiasi wakati wa korona. Ubishi wa haki. Lakini mantiki ya jambo lenyewe haihitaji kusubiri wamalize.

Mwanagenzi huzalisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Kimoja kinaonekana: ile karatasi aliyoitafsiri, ile programu fupi, ile kesi aliyoifanyia muhtasari. Cha pili hakionekani: fundi atakayekuwa baada ya miaka kumi. Mwajiri hununua cha kwanza, na cha pili alikuwa akikipata kama nyongeza. Mashine inauza cha kwanza kwa bei ya chini sana. Cha pili haikiuzi hata kidogo. Na hakuna mwajiri mmoja mwenye sababu ya kutosha ya kukigharimia peke yake, kwa kuwa mwanagenzi akishaiva anaweza kuhamia kwa jirani. Kila mmoja anatumaini mwingine atafundisha. Kwa kila kampuni ikiangaliwa peke yake, uamuzi wa kutoajiri vijana ni wa busara; fani nzima ikiufanya kwa pamoja, inakula mbegu.

Watetezi husema wanagenzi wapya wataanzia juu zaidi: hawataandika, watahakiki. Hili linasikika vizuri mpaka ukumbuke "mara moja". Uhakiki si ngazi ya chini kuliko utendaji. Ni ya juu. Jicho linalosimama kwenye sentensi fasaha yenye sumu ni jicho lililokwisha kuandika sentensi yenye sumu na kuaibishwa nayo. Mwanasaikolojia wa Uingereza Lisanne Bainbridge aliliandika hili mwaka 1983, akizungumzia mitambo ya viwandani: kadiri mtambo unavyofanya mengi, binadamu anabakiziwa kuutazama na kuingilia ukiharibika, yaani anatakiwa awe hodari zaidi katika saa mbaya zaidi, kwa ujuzi ambao mtambo wenyewe umemnyima nafasi ya kuufanyia mazoezi.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Ni kweli, hauzeeki, lakini unapata kutu. Nchini Poland madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera walipewa akili unde ya kuwaonyesha vinyama vinavyoweza kugeuka saratani. Watafiti wakalinganisha uchunguzi waliofanya bila msaada kabla ya mashine kuja na ule waliofanya bila msaada baada ya kuizoea. Kiwango cha wagonjwa walioonekana kuwa na vinyama hivyo kilishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Hawa si wanafunzi. Kila mmoja alikuwa ameshafanya uchunguzi kama huo zaidi ya mara 2,000. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kufuta sababu nyingine zote, ila ulichapishwa mwaka 2025 na nimeona watu wazima wa fani mbalimbali wakiusoma kimya kimya.

Upande wa pili wa sarafu ni wataalamu wa picha za eksirei. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, ambaye baadaye alipata Nobel ya Fizikia ya 2024, alisema watu waache kufundisha wataalamu hao kwa kuwa katika miaka mitano mashine itawapita. Miaka imepita, mashine ni nzuri sana kwenye kijiti cha kusoma picha, na wataalamu bado wanatafutwa, kwa sababu mzigo wao ulikuwa na vijiti vingine na kwa sababu watu wanapiga picha nyingi zaidi. Fikiria kama vyuo vingemsikiliza.

Kwenye meza yako

Ushauri unaotolewa sana ni "jiendeleze, jifunze ujuzi mpya". Hutolewa bure kwa sababu anayeutoa halipii. Kujifunza nini, saa ngapi, kwa muda wa nani? Mimi ningeanza padogo zaidi. Chukua wiki moja ya kazi yako uiandike vijiti vyake, si kwa majina ya maelezo ya ajira bali kwa vitendo: nilipiga simu, nilisoma, nililinganisha, nilituliza mtu. Kisha mbele ya kila kijiti jiulize mambo matatu. Kikikosewa, nani ataumia? Kosa lake naweza kuliona kwa macho? Na nikikifanya mwenyewe, kuna kitu najifunza, au ni uchovu mtupu? Vya uchovu mtupu, mpe mashine leo, wala usijisikie vibaya. Vile ambavyo vikikosewa mtu anaumia na kosa halionekani, vianze kwa mkono wako, halafu mashine ije kama mkosoaji wa pili. Mpangilio huo una uzito kuliko unavyodhaniwa: ukishaisoma rasimu ya mashine, macho yako yameshapewa njia ya kupita.

Na kuhakiki kuhesabiwe kuwa kazi. Katika fani yangu bei ya "kupitia tu" imewekwa kana kwamba macho huteleza juu ya karatasi bila gharama, wakati kusoma ukitafuta kosa lililovaa suti kunachosha kuliko kuandika upya. Mtu mmoja hawezi kubadilisha bei hiyo. Waandishi wa filamu wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na mkataba waliotoka nao ulisema mashine haihesabiwi kuwa mwandishi, mwandishi halazimishwi kuitumia, na akipewa maandishi yaliyotoka kwa mashine lazima aambiwe. Hawakuipiga marufuku, wenyewe waliruhusiwa kuitumia kwa ridhaa ya kampuni. Umoja wa Ulaya nao una sheria iliyoanza nguvu tarehe 1 Agosti 2024, inayoiweka mitambo ya kuchuja waombaji kazi na kupima wafanyakazi kwenye kundi la hatari kubwa, na inayokataza mashine za kusoma hisia za wafanyakazi kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Mafundi wa soksi wa Nottingham wangeyaelewa masharti haya bila mkalimani.

Kwangu mimi nimebakiwa na jambo moja ninaloweza kulifanya wiki hii. Nina mwanagenzi. Kila Jumatatu nampa karatasi moja ya maelezo ya dawa atafsiri kwa mkono, bila mashine, ingawa hakuna mteja anayeilipia. Ijumaa namletea tafsiri ya mashine ya karatasi ile ile, anazilaza mbili pamoja na kalamu nyekundu. Wiki ya kwanza aliipita "mara moja" bila kusita, kama nilivyoipita mimi enzi zangu.

Juzi alinijia ameshika ukurasa wa mashine, kidole kikiwa kwenye sentensi moja: "Usimpe mtoto dawa hii kwa sababu analia."

"Hii vipi, mwalimu? Asipewe kwa kuwa analia, au kulia peke yake si sababu ya kumpa?"

Nilikuwa nimeshaupitia ukurasa ule asubuhi, na pembeni ya sentensi ile niliweka alama ya sawa.